Lakini, Bali na Ingawa: Uhakiki wa Zoezi la Kuunganisha Sentensi Zinazokinzana

Miongoni mwa mazoezi ya Kiingereza ambayo karibu kila mtoto aliyesoma shule ya msingi nchini Kenya amewahi kuyafanya ni lile la kupewa sentensi mbili fupi na kutakiwa aziunganishe ziwe moja kwa neno "but" au kwa neno "although". Zoezi lenyewe ni dogo, nalo huandikwa ubaoni bila maelezo mengi. Mwalimu husema kwamba sentensi hizo "zinapingana", hutoa mfano mmoja au miwili, kisha huonya kwamba maneno hayo mawili hayatumiwi pamoja. Mwanafunzi akianza kwa "although" na kutia "but" katikati hutiwa alama ya kosa, na mara nyingi hilo ndilo jambo pekee analolikumbuka baada ya somo kwisha.

Makala haya yanadai kwamba zoezi hilo limejengwa juu ya dhana isiyo sahihi kuhusu ukinzani, yaani kwamba ukinzani umo ndani ya sentensi zenyewe na kwamba kazi ya mwanafunzi ni kuupachika lebo tu. Dhana hiyo haikukidhuru sana Kiingereza, ambacho kina walinzi wengi. Iliyodhurika zaidi ni sarufi ya Kiswahili, kwa sababu zoezi lilihamishwa jinsi lilivyo, likafasiriwa neno kwa neno, likafanywa kuwa kipimo cha lugha ambayo katika jambo hili ina utaratibu wake tena ulio mpana kuliko ule wa Kiingereza.

Ili hoja isielee hewani, inafaa iwekwe mahali. Rukanga ni kijiji kilicho chini ya mlima Kasigau, upande wa Voi katika Taita Taveta, na anayekiendea kutoka barabara kuu ya Mombasa huiacha barabara hiyo Maungu. Mlima wenyewe una urefu wa zaidi ya mita 1,600 nao ni mmoja wa milima ya Tao la Mashariki. Kileleni una msitu wa ukungu, na chini yake kumezungukwa na nyika kavu. Si mahali pageni katika historia ya taaluma ya lugha zetu. Johannes Rebmann alifika hapo mwaka 1847, akauandika mlima huo kwa jina la Kadiaro, na miaka mitatu baadaye mwenzake Krapf alichapisha huko Tübingen kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili. J. A. Wray, aliyeanza kazi ya misheni Sagalla mwaka 1883, alitoa mwaka 1894 kitabu cha utangulizi wa lugha ya Kitaita. Mwaka 1915, wakati wa vita, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa Kasigau hadi Malindi kwa kuwashuku kwamba waliwasaidia Wajerumani, nao hawakurudi mlimani kwao ila baada ya miaka mingi. Kiswahili, basi, hakikuletwa Rukanga na kitabu cha shule. Mtoto wa hapo huzaliwa katika Kitaita cha lahaja ya Kikasigau, hukikuta Kiswahili sokoni, kanisani na katika matwana ya Voi, na Kiingereza hukikuta darasani. Anapofika kwenye "but" na "although" tayari ana njia mbili za kueleza jambo lililokwenda kinyume cha jingine. Zoezi humchukulia kana kwamba hana hata moja.

Mwanafunzi huyu na apewe sentensi hizi mbili: "Mawingu yalifunika kilele cha mlima. Mvua haikunyesha shambani." Kitabu chochote kitataka ziunganishwe kwa "lakini", kwa kuwa mawingu ni dalili ya mvua. Hayo ni matarajio ya mtu wa mahali pengine. Kasigau hufunikwa na mawingu asubuhi nyingi pasipo tone kuanguka nyikani. Ukungu hubaki juu kwenye msitu wake na mashamba hubaki na vumbi lake. Kwa mtoto wa Rukanga sentensi hizo hazipingani hata kidogo. Akiziunganisha kwa "na" hajakosea. Amesema kweli kuhusu mlima wake. Sasa na apewe hizi: "Ndovu walipita usiku. Mahindi yamesimama." Mgeni ataona taarifa mbili zisizohusiana, labda atataka "na". Lakini Rukanga iko katika ukanda ulio kati ya mbuga mbili za Tsavo, ambazo zilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1948, na mkulima wa hapo ajuaye ndovu apitapo huacha nini hataweza kuzitamka sentensi hizo bila "lakini", na huenda akaongeza na mshangao juu yake.

Mifano hiyo miwili yatosha kuonyesha kwamba ukinzani hauko katika maneno yaliyoandikwa ubaoni. Uko kati ya jambo lililosemwa na jambo ambalo msemaji na msikilizaji walikuwa wakilitarajia. Wanamantiki walikwisha kulitambua hilo zamani. Gottlob Frege, katika kitabu chake cha mwaka 1879, alieleza kwamba anayetumia neno la Kijerumani lenye maana ya "lakini" badala ya "na" haongezi ukweli wowote katika kauli yake. Anadokeza tu kwamba kinachofuata si kile ambacho mtu angekidhania. Mwaka 1971 Robin Lakoff alitenga aina mbili za "but" ya Kiingereza: ile inayoweka vitu viwili vya tofauti bega kwa bega, na ile inayokanusha tarajio. "Mghoi analima, lakini ndugu yake anafuga" ni aina ya kwanza, na hapo "lakini" yaweza kuondolewa bila hasara kubwa. "Mghoi analima, lakini hana chakula" ni aina ya pili, na hapo kuna tarajio lililovunjika, tena tarajio lenye uchungu. Zoezi la shule huzichanganya aina hizi mbili katika orodha moja, na mwanafunzi haambiwi kwamba ni mbili.

Kuna na jambo zito zaidi. Ikiwa kiunganishi hubeba tarajio, basi anayemfundisha mtoto kiunganishi humfundisha na matarajio. Mfano uliozoeleka mno katika Kiingereza ni ule wa mtu anayesifiwa kuwa maskini lakini mwaminifu. Kwa kuuandika ubaoni na kumtaka mtoto aukamilishe, mwalimu amemfanya akubali bila kuambiwa kwamba maskini, kwa kawaida yake, si mwaminifu. Hakuna mahali katika zoezi panapomruhusu mtoto kuuliza: kwa nini "lakini"? Darasa lililojaa watoto wa wakulima wa nyika kavu lina haki ya kuuliza swali hilo. Sarufi isiyoliruhusu imeacha kuwa sarufi, imekuwa mafunzo ya tabia.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya kwanza. Ya pili inahusu maneno yenyewe. Kiingereza hutumia neno moja, "but", kwa kazi ambazo Kiswahili hugawa kati ya maneno matatu: lakini, bali na ila. Yote matatu yana asili ya Kiarabu, na wanasarufi wa Kiarabu walikwisha kutofautisha kazi zake kwa istilahi: "lakin" ni ya istidraki, yaani kurekebisha dhana ambayo msikilizaji angeweza kuipata kutokana na yaliyotangulia, "bal" ni ya idhrabu, yaani kuliacha lililotangulia na kuligeukia jingine, "illa" ni ya kutoa kimoja katika jumla. Kiswahili hakikuyapokea maneno hayo kama mapambo. Kilipokea na mgawanyo wake wa kazi, ingawa si kwa kila kipengele. Linganisha kauli hizi tatu, ambazo zinatofautiana kwa kiunganishi na kwa kidogo tu zaidi ya hapo:

"Hakwenda Voi, lakini alikwenda Mwatate."
"Hakwenda Voi, bali Mwatate."
"Hakwenda Voi wala kwingineko, ila Mwatate."

Katika kauli ya kwanza kuna kukiri na kufidia: ni kweli kwamba safari ya Voi haikuwako, na hilo ni upungufu, hata hivyo safari ya Mwatate imepunguza upungufu huo. Huenda biashara aliyoikusudia Voi ilipatikana nusu yake Mwatate. Kauli ya pili haikiri wala haifidii chochote. Humsahihisha mtu aliyesema au aliyedhani kwamba safari ilikuwa ya Voi; hulifuta jina moja na kuweka jingine mahali pake. Ndiyo maana "bali" hutaka kikanushi kitangulie, na ndiyo maana haihitaji kitenzi kirudiwe. Ya tatu hufunga milango yote na kuacha mmoja wazi. Mwanafunzi aliyezoea kauli hizi ana chombo cha kufikiri ambacho mwenzake wa Kiingereza hana budi kukitafuta kwa njia nyingine.

Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Wajerumani wana "aber" na "sondern", Wahispania wana "pero" na "sino", na Anscombre na Ducrot waliandika mwaka 1977 makala mashuhuri kuuliza kama Kifaransa, chenye neno moja "mais", kwa kweli kina "mais" mbili zilizofichana. Wanaisimu wa Ulaya walilazimika kuchimbua kwa hoja ndefu tofauti ambayo muuza mboga wa Voi huitamka kila siku. Ni ajabu, basi, kwamba vitabu vya kufundishia Kiswahili havikuifanya tofauti hiyo kuwa somo. Katika vingi, viunganishi hupewa ukurasa mmoja au pungufu, huorodheshwa pamoja, na kwa vile vya ukinzani husemwa tu kwamba "huonyesha kinyume". Kamusi za lugha mbili zilichangia. Katika kamusi sanifu ya mwaka 1939, iliyotolewa chini ya uhariri wa Frederick Johnson, "lakini", "bali" na "ila" yote huishia, kwa njia moja au nyingine, kwenye "but". Hilo si kosa la kamusi, kwani kazi yake ilikuwa kumsaidia msomaji wa Kiingereza. Kosa ni la waliokuja baadaye na kuifuata njia hiyo kinyumenyume, wakaanza na "but" na kurudi nayo kwenye "lakini" pekee.

Mazingira ya mitihani yaliharakisha mambo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa kuwa somo la lazima na la kutahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi. Hiyo ilikuwa hatua ya heshima kubwa kwa lugha, na hakuna anayestahili kuibeza. Lakini pamoja na insha, mtihani huo ulikuwa na karatasi ya maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne, na desturi hiyo ilidumu hadi mtihani wenyewe ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Swali la kiunganishi katika mtindo huo hutaka jibu moja tu liwe sahihi. Kiunganishi chenyewe, kama ilivyoonyeshwa kwa mawingu ya Kasigau, hutegemea msemaji anajua nini na anamjibu nani. Mtunga swali hujikuta ama akichagua sentensi ambazo ukinzani wake ni wa wazi mno hata hazifundishi kitu, ama akiwaadhibu watahiniwa wanaoijua dunia tofauti na yake.

Matokeo yanaonekana katika matumizi. "Bali" husikika siku hizi pasipo kikanushi, kama katika "Alikuja bali hakukaa", kwa sababu aliyejifunza kwamba maneno hayo ni sawa huona "bali" kuwa ni "lakini" iliyovaa kanzu. "Ila", kwa upande wake, imeteremka kutoka kwenye kutoa kimoja katika jumla hadi kwenye ukinzani wa kawaida: "Nilifika ila sikukukuta". Mabadiliko haya ya "ila" yamo midomoni mwa wazungumzaji wengi, Kenya na Tanzania, na mwanaisimu hana mamlaka ya kuyazuia. Maana ya kutoa na maana ya kukinza ni jirani, na lugha nyingi zimepita njia hiyo. Kisa cha "licha ya" ni cha namna nyingine. Maana yake ya zamani ni "si hilo tu" au "achilia mbali": "Licha ya kumlisha, alimpa na nauli." Hapo hakuna ukinzani wowote, kuna nyongeza. Katika magazeti na redio neno hilo limegeuzwa kuwa fasiri ya "in spite of": "Licha ya mvua kunyesha, mkutano ulifanyika." Leo maana ya pili imekaribia kuifukuza ya kwanza. Msomaji wa kauli kama "Licha ya kuimba, alicheza" hawezi tena kujua bila muktadha kama kucheza kumeongezwa au kumeshangaza. Hii si lugha kukua kwa nguvu zake. Ni dawati la mfasiri lenye haraka.

Lililo tajiri kuliko yote, na lililopuuzwa kuliko yote, ni "ingawa". Kamusi za leo huliorodhesha kuwa kiunganishi, nalo hufundishwa kama ndugu wa "although". Kwa asili si kiunganishi. Ni kitenzi: kiambishi cha nafsi i-, kiambishi -nga- cha kukiri, na shina -wa lenye maana ya kuwa. Kwa kuwa ni kitenzi, lilinyambuliwa kwa nafsi zote: ningawa, ungawa, angawa, tungawa, mngawa, wangawa. "Angawa mdogo, ana busara." "Wangawa wachache, walishinda." Vivyo hivyo "ijapokuwa" ni umbo moja tu katika safu ya nijapokuwa, ujapokuwa, ajapokuwa, wala haikulazimu kitenzi "kuwa" peke yake: ajapokuja, nijapomwona, wajapolia. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliviweka viambishi hivi mahali pake, yaani miongoni mwa maumbo ya kitenzi, na katika hilo anabaki kuwa mwalimu bora kuliko wengi waliomfuata na kumlaumu kwa mengine. Mtu wa Taita asiyewahi kufungua sarufi analijua umbo la -japo- kwa moyo, kwa sababu Zaburi ya 23 katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952 hulitumia kwa nafsi ya kwanza, na zaburi hiyo husomwa katika kila matanga.

Umuhimu wa jambo hili ni kwamba Kiswahili, kabla ya kukopa viunganishi kutoka Kiarabu na pamoja na kuvikopa, kilikuwa na njia yake ya Kibantu ya kueleza ukinzani, na njia hiyo haikuwa ya kutia neno kati ya sentensi mbili. Ilikuwa ya kukibadilisha kitenzi cha sentensi ya kwanza kiasi kwamba msikilizaji, akiisha kukisikia, anajua kwamba kuna linalokuja la kukipinga. Ukinzani ulikuwa katika unyambulishaji. Anayemwambia mwanafunzi kwamba "ingawa" ni neno la kuunganisha humwonyesha mfupa na kumwambia kuwa ni fimbo. "Ingawa" lenyewe limeganda, hilo ni kweli, na hakuna haja ya kulilazimisha liyeyuke. Lakini "angawa" na "ajapo-" zingali hai katika lahaja za pwani na katika utenzi, nazo hutoweka shuleni kwa sababu tu hazina mwenzake katika zoezi la Kiingereza.

Kutokana na hayo, kosa maarufu la "although... but" huonekana kwa sura nyingine. Kiswahili husema bila shida: "Ingawa mvua ilinyesha, lakini mahindi yalikauka." Baadhi ya walimu wa Kiswahili hukataza muundo huo na kudai kwamba moja kati ya "ingawa" na "lakini" imezidi. Sababu yao haitokani na Kiswahili. Ndani ya Kiswahili ni desturi kwamba kishazi cha kwanza kikiwa na alama ya utegemezi, cha pili huweza kuijibu kwa alama yake: "Ukimwona, basi mwambie." "Kwa kuwa hakuja, basi tuanze." "Jinsi ulivyopanda, ndivyo utakavyovuna." "Si mvua tu, bali na upepo." Alama ya kwanza hufungua mlango, ya pili huufunga. Katika safu hiyo "ingawa... lakini" ni mwanachama halali, na ubaya wake haujaonyeshwa na yeyote kwa hoja ya ndani ya lugha. Ikiwa "ingawa" ni kitenzi kilichoganda chenye maana ya "hata likiwa hivyo", basi "lakini" inayofuata hairudii maana hiyo. Hulitaja tarajio linalovunjwa.

Wala Kiingereza chenyewe hakina haki ya kujidai. Kilikubali kwa karne nyingi, na kingali kinakubali katika maandishi mazito, "though" ikijibiwa na "yet". Hukubali "if" ijibiwe na "then", na "not only" ijibiwe na "but also". Kwamba "although" yaweza kujibiwa na "yet" lakini haiwezi kujibiwa na "but" ni mapatano ya watumiaji wa lugha hiyo tu. Wachina husema kwa kawaida kauli yenye alama zote mbili, na wanafunzi wao huandika katika Kiingereza kosa lile lile ambalo huandikwa Rukanga. Mwanafunzi wa Kichina na wa Kiswahili hawakukutana mahali wakakubaliana kukosea. Wote wawili wameingiza katika Kiingereza mantiki iliyo timamu ya lugha zao.

Muundo huu huleta na tatizo la nadharia ambalo sarufi za shule hulikwepa. Sentensi zenye viunganishi hugawanywa kuwa ambatano, ambamo vishazi ni huru, na changamano, ambamo kimoja hutegemea kingine. "Lakini" huwekwa kwenye ambatano na "ingawa" kwenye changamano. Je, sentensi yenye vyote viwili iwekwe wapi? Kwa alama ya mwanzo ni changamano; kwa alama ya katikati ni ambatano. Mgawanyo huo ulitokana na lugha ambazo haziruhusu jambo hilo, na unapofikishwa kwenye Kiswahili hukwama. Njia ya kukwamuka ni kuacha kuvitazama viunganishi hivi kama milango miwili isiyoweza kufunguliwa pamoja. Utegemezi ni sifa ya kitenzi cha kishazi cha kwanza. Kukinza ni uhusiano wa kauli mbili katika mazungumzo. Halliday na Hasan, katika kitabu chao cha mwaka 1976, waliuweka uhusiano wa ukinzani miongoni mwa mambo yanayoshikamanisha matini nzima, hata pale sentensi zinapotengwa kwa nukta. Uhusiano wa namna hiyo unaweza kuwako juu ya utegemezi bila kugongana nao.

Jaribio lililo bora kuliko yote la madai haya ni pale ambapo kiunganishi hakipo kabisa. Methali za Kiswahili zimejaa ukinzani usio na neno la ukinzani. "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." "Vita vya panzi, furaha ya kunguru." "Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe." Ukitia "lakini" katika methali hizi umeziua, maana nguvu yake imo katika kumwachia msikilizaji aione mwenyewe tofauti. Katika mazungumzo kazi hiyo hufanywa na kiimbo. Kwa upande mwingine, "lakini" yaweza kusimama pasipo na sentensi mbili za kuunganisha, kama katika lawama ya watu wa pwani, "Wewe lakini!", ambayo haina kishazi cha pili wala haikitaki. Tena "walakini" imekwisha kuwa nomino: jambo huwa na walakini, mtu huwa na walakini, na sarufi ya kuunganisha sentensi haina la kusema juu yake. Ukinzani bila kiunganishi, na kiunganishi bila sentensi mbili, vyote viwili ni Kiswahili cha kila siku.

Walimu watajibu, na wana haki, kwamba darasa lenye watoto wengi na mtihani ulio mbele yake haliwezi kuendeshwa kwa falsafa ya matarajio. Pengine. Lakini marekebisho yanayohitajika si makubwa kuliko zoezi lenyewe. Badala ya kupewa sentensi mbili na kuulizwa kiunganishi, mwanafunzi angeweza kupewa sentensi moja yenye "lakini" na kuulizwa ni nini kilichotarajiwa. Angeweza kupewa "Hakwenda Voi..." na kuulizwa aimalize kwa "lakini", kwa "bali" na kwa "ila", kisha aeleze katika kila hali anamjibu nani. Mazoezi haya hayahitaji kitabu kipya. Chaki yatosha, na mwanafunzi wa Rukanga ana mifano mingi kuliko mwandishi wa kitabu. Kuhusu Kiingereza, akiandika "although" na kisha "but" itabidi aendelee kusahihishwa, kwa kuwa hayo ndiyo mapatano ya lugha anayojifunza, na ni vema aambiwe kwamba ni mapatano, tena kwamba "yet" ingepita pale ambapo "but" imekataliwa. Kwenye karatasi ya Kiswahili, alama ile ile ya kosa ikitiwa juu ya "ingawa... lakini", anayeitia anawajibika kuonyesha ni kanuni ipi ya Kiswahili iliyovunjwa.